Santuri yako haijakwaruzika, mwanangu

*Shikamoo Mama Santuri. Babu yangu alikuwa baharia, na alipofariki alituachia sanduku la santuri. Nimenunua sindano mpya nikaanza kuzisikiliza moja moja. Ipo moja imeandikwa The League Unlimited Orchestra, jina la albamu Love and Dancing. Kila nikiipiga, sauti ya mwimbaji inakatika na kurudia kipande kilekile harakaharaka, kama mtu mwenye kigugumizi, kisha muziki unaendelea. Nimeifuta, nimeiosha, bado. Tena mwimbaji haimbi wimbo ukaisha: anachomoza, anapotea. Je, imekwaruzika? Na hiyo okestra iko wapi, mbona sisikii fidla hata moja?*
*Msomaji, Kisauni, Mombasa*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Kwanza weka kitambaa chini, acha kuiosha. Santuri ya babu yako ni nzima. Hicho kigugumizi kimewekwa makusudi, na mtu aliyekuwa na wembe mkononi.

Usiniamini hivihivi, ipime mwenyewe. Santuri ya albamu huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Mkwaruzo ukiwepo, uko mahali pamoja kwenye sahani, na sindano itaukuta kila sahani inapozunguka. Utasikia "tik", sekunde 1.8, "tik" tena, wala haujali wimbo umefika wapi. Sindano ikiruka ndiyo mbaya zaidi, maana mapigo yanavurugika na mguu uliokuwa unagonga sakafu unabaki hewani. Sasa rudia wimbo unaokusumbua, piga makofi ukifuata ngoma, ufike pale sauti inapogugumia. Makofi yako hayatapotea hata moja. Sauti inakatika, inarudia, inarudia, na inatua juu ya pigo lake kama ilivyopangwa. Mkwaruzo hauwezi kuhesabu hivyo.

Fidla usizitafute. Hao ni The Human League, bendi ya Sheffield, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Uingereza, waliovaa jina jingine kwa albamu hiyo moja. Jina walilichota kwa Barry White, mwanamuziki wa Marekani, ambaye okestra yake iliitwa Love Unlimited Orchestra, na ile ilikuwa na fidla kwelikweli. Wenyewe walikuwa watu wa vinanda vya umeme. Hata Jo Callis, aliyejulikana kama mpiga gitaa, walipomchukua walimkalisha kwenye kinanda.

Nikudokeze kidogo habari zao. Mwaka 1980 bendi iligawanyika. Martyn Ware na Ian Craig Marsh, ambao ndio waliokuwa na mkono wa mitambo, waliondoka wakaenda kuunda Heaven 17. Mwimbaji Philip Oakey akabaki na Adrian Wright, ambaye kazi yake ilikuwa kurusha picha ukutani wakati wa onyesho, na ziara imeshakaribia. Oakey akaingia klabu moja ya Sheffield iitwayo Crazy Daisy, akawaona wasichana wawili wakicheza, Susan Ann Sulley na Joanne Catherall, wote bado wanafunzi, akawaomba wajiunge. Watu walidhani bendi imekwisha. Oktoba 1981 wakatoa albamu ya Dare, wakiwa na mtayarishaji Martin Rushent, na wimbo wake wa Don't You Want Me ukashika namba moja Uingereza Krismasi ile. Julai 1982 ukashika namba moja Marekani. Julai hiyohiyo ndipo Rushent alipotoa hiyo uliyo nayo: nyimbo saba kati ya kumi za Dare, na moja ya nje iitwayo Hard Times, ndiyo inayofungua, zote zimevunjwavunjwa na kujengwa upya.

Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Kazi ya wembe naijua kwa vidole. Niliingia redioni kama fundi wa sauti, Dar es Salaam, mwaka 1981, na miaka yote ile tulihariri kwa kukata utepe wa sauti. Unasimamisha mashine, unashika rili mbili, yale magurudumu ya utepe, kwa mikono, moja kushoto na moja kulia, unazizungusha polepole mbele na nyuma juu ya kile kichwa kinachosoma sauti. Neno la mtu likizungushwa hivyo halibaki neno, linakuwa mngurumo. "Habari" inasikika kama ng'ombe anayelia ng'ambo ya mto. Unautafuta mwanzo wa silabi ndani ya mngurumo huo. Ukiupata, unatia alama kwa kalamu ya nta ya njano mgongoni mwa utepe, unautoa, unaulaza kwenye kibao cha alumini chenye mfereji, unapitisha wembe mshazari. Ukikata wima, kiungo kinagonga sikioni. Ukikata mshazari, sauti moja inaingia ndani ya nyingine taratibu. Kisha unabandika gundi nyeupe na kuikandamiza kwa ukucha. Vipande vya kutumia baadaye unavining'iniza ukingoni mwa meza, kila kimoja na karatasi yenye jina lake, na feni unaizima hata kukiwa na joto la Februari.

Wakati mmoja nilipewa mahojiano ya mzee mvuvi. Nilitoa pumzi zake zote ili maneno yaende upesi. Msimamizi wangu akasikiliza, akanirudishia rili, akasema: "Mzee wa watu umemzamisha." Nikapiga magoti kwenye kikapu cha taka, nikaokota pumzi moja moja, nyingine ndogo kama kipande cha uzi, nikazisikiliza na kuzirudisha mahali pake. Saa tatu nzima kwa mahojiano ya dakika sita. Kwa hiyo dada yangu aliporudi kutoka kusomea uuguzi Uingereza, mwaka 1984, akaleta Love and Dancing, sikuisikiliza kama watu wengine pale sebuleni. Wenzangu walisimama kucheza. Mimi nilihesabu viungo mpaka nikashindwa.

Hesabu nawe. Rushent alieleza kwamba viungo vya albamu hiyo vinapita 2,600. Santuri nzima, pande zote mbili, haifiki dakika 40. Dakika 40 ni sekunde 2,400. Yaani kwa wastani kila sekunde inayopita sikioni mwako ina kiungo kimoja na ushee.

Sasa chukua hicho kigugumizi peke yake. Mwendo uliozoeleka wa utepe studio ulikuwa inchi 15 kwa sekunde, karibu sentimita 38. Wimbo ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, sawa na sentimita 19 za utepe. Ukitaka silabi irudi mara nne ndani ya pigo hilo moja, unahitaji vipande vinne vya silabi ileile, kila kimoja hakifiki sentimita 5. Utepe uliokatwa ni mmoja, kwa hiyo lazima kwanza uinakili silabi hiyo mara nne kutoka kanda kuu, kisha uikate mara nne, uiunge mara tano. Ukikosea nusu sentimita kwenye kila kipande, kufikia cha nne umeachwa nyuma kwa sentimita mbili nzima, na mchezaji atajikwaa bila kujua kilichomkwaza. Ndiyo maana kazi ya namna hiyo haifanyiki bila rula. Fikiria mtu mzima aliyekwisha kuwatengenezea albamu Buzzcocks na The Stranglers, bendi za magitaa ya fujo, amejiinamia na rula na wembe anapima silabi za Oakey.

Ndiyo pia jibu la swali lako la mwisho. Mwimbaji anachomoza na kupotea kwa sababu albamu hiyo karibu yote ni ala. Rushent aliifanya sauti iwe ala mojawapo, anaigusa inapohitajika na kuiacha. Don't You Want Me kwenye Dare ni ugomvi wa watu wawili: Oakey anaimba upande wa mwanamume, Susan anamjibu ubeti wa pili. Ukiwa umezoea ugomvi ule, halafu ukausikia muziki wake umeachwa wazi, utagundua kwamba kile kinanda cha mwanzo kilikuwa kinagomba muda wote, hata wao wakiwa wamenyamaza.

Kuhusu kuosha: maji masafi kidogo, kitambaa laini, futa kwa kufuata mfereji wa santuri, usikate katikati, na karatasi ya katikati isiloe. Kisha iache ikauke kabla ya kuirudisha kwenye jalada.

*Mama Santuri, kwa heshima zote. Toleo lililopita uliandika kwamba albamu ya rimiksi, yaani ya nyimbo zilizokwisha kutoka zikavunjwa na kujengwa upya, ni kazi kamili sawa na albamu nyingine. Mimi natengeneza midundo kwa kompyuta na siafiki. Wimbo umeshapikwa, umeshaliwa, kampuni inataka hela nyingine, wanapasha kiporo. Kukopi na kubandika hata mdogo wangu wa darasa la sita anaweza.*
*Msomaji, Temeke, Dar es Salaam*

Asante kwa kusema wazi, kijana wangu. Kiporo kipo, na nimekila. Nina albamu za rimiksi ndani ya nyumba hii ambazo nilizipiga mara moja tu: wimbo uleule, ngoma imeongezwa kishindo, dakika nne zimevutwa zikawa nane. Hizo sizitetei. Lakini bibi yangu alikuwa akiamka na wali wa jana, akakaanga kitunguu, akatia bizari na ndimu, na watoto wa majirani wakaacha chai yao wakaja kwetu. Wali ulikuwa uleule. Kwa hiyo mimi huuliza kama aliyerudi jikoni alikuwa na wazo, au alikuwa na njaa ya hela tu.

Na ujue kazi hii ilianzia kwa mafundi. King Tubby wa Kingston, Jamaika, aliyeiheshimisha kuliko wote miaka ya 1970, alikuwa fundi wa redio na vikuza sauti. Alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akashusha sauti ya mwimbaji kwenye meza ya kuchanganyia sauti, akaacha besi na ngoma, kisha akairudisha sauti kwa neno moja likizama kwenye mwangwi. New York, DJ Grandmaster Flash alifanya yake kwa santuri mbili za wimbo mmoja, akiweka alama juu ya santuri ili ajue pa kurudi, anarudisha sahani moja nyuma wakati nyingine inapiga. Rushent alimsikia Flash, naye ndiye aliyemwasha. Flash alikata kwa mikono miwili jukwaani. Rushent akajiuliza itakuwaje akikata hivyohivyo studio, huku kila ala ikiwa kwenye njia yake na anaweza kuifungua au kuifunga.

Sasa nikuambie kitu ambacho wewe wa kompyuta utakielewa kuliko mimi. Miaka ile nilijaribu kufanya jambo la aina hiyo na muziki wetu wa dansi. Kipindi kilitaka mlio wa kufungulia, nami nilipenda sana sehemu ya magitaa ya bendi moja ya pale mjini, fupi, kama sekunde nane. Nikasema nitaichukua kutoka ubeti wa kwanza niiunge na ile ya kwenye chemko, pale mwishoni muziki unapokolea. Ilikataa. Kila nilipounga, muziki uliruka kama mtu aliyekosa ngazi. Nilipopima utepe nikajua sababu: bendi iliondoka polepole na kufika kwenye chemko imekolea, mapigo yamesogeleana, kipande cha ubeti kirefu, cha chemko kifupi. Ndivyo dansi inavyotakiwa kuwa, watu wanapandishana joto, na siwezi kuilaumu bendi kwa hilo. Ila wembe haukuwa na pa kushika.

Dare ilikuwa kinyume chake. Sehemu kubwa ya vinanda ilipigwa na Roland MC-8, mashine iliyotoka 1977, ambayo haina funguo za kinanda, ina vitufe vya tarakimu. Noti unaiandika kwa namba: urefu wake, kimo chake, muda wa kuanza. Mtu anakaa na kibao cha namba kama karani wa hesabu, na mashine inapiga. Ngoma zilitoka kwenye Linn LM-1, mashine ya Roger Linn iliyokuwa na sauti za ngoma halisi ndani yake. Zilitengenezwa kama 500 tu duniani. Vyote vikafuata mapigo ya saa ileile ya mashine, isiyochoka wala kufurahi kupita kiasi. Kwa hiyo sentimita 19 za dakika ya kwanza zilikuwa sentimita 19 za dakika ya nne. Rushent alipoingia na wembe, alikuta muziki ambao kila kipande chake kinaweza kukaa popote. Ugumu wote wa namba alikwisha kuumaliza mwaka uliotangulia, bila kujua kwamba alikuwa anajitengenezea vipande vya mwaka unaofuata. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya kwa nini muziki wa vinanda ulizaa albamu za rimiksi mapema, na wa magitaa ukachelewa.

Unachofanya wewe leo kwenye kompyuta, kukopi na kubandika juu ya gridi, ni hilohilo. Tofauti ni kwamba ukikosea unabonyeza na kosa linafutika, na kwamba wewe unayaona mawimbi ya sauti kwenye skrini. Sisi tulikata gizani, kwa sikio. Nakuomba ufanye jaribio moja kabla hujaniandikia tena. Chukua wimbo wako mwenyewe, ule unaoupenda kuliko yote, funika skrini kwa khanga ya mama, na utafute kwa sikio tu mahali pa kukata ambapo hukuwahi kufikiria. Usiongeze ala hata moja. Toa tu. Ukibaki na kitu ambacho hukukijua kwamba kilikuwamo, utakuwa umefanya rimiksi. Ukibaki na wimbo uleule uliopungua, hapo nitakubali ni kiporo, na hakijatiwa hata chumvi.

Hata Love and Dancing si kwamba kila kitu kimenifika. Zile fupi za upande wa pili, kuelekea mwisho, zinanipita mbio kabla sijazishika. Ila sidhani ilitengenezwa kwa uvivu. Bendi ilipokuja kutoa albamu nyingine kamili, Hysteria, ilikuwa 1984, na Rushent alikwisha kuondoka katikati ya kazi. Mimi, tangu dada alipoileta, santuri kama ile ya babu wa msomaji wa Kisauni ndiyo niliyoisikiliza, na haikunichosha.

*Mama Santuri, nakusalimu kutoka Muscat, kwetu hasa ni Pemba. Nina pesa ya santuri mbili tu mwezi huu na nataka kuanza na hizi za vinanda zilizofanyiwa rimiksi. Ninunue zipi?*
*Msomaji, Muscat, Oman*

Mwanangu, nunua Dare na Love and Dancing, zote mbili pamoja. Moja bila nyenzake ni nusu ya hadithi. Ukipenda sidii, ziliwahi kutolewa zote mbili kwenye sidii moja, na pesa yako itabaki.

Ikibaki, tafuta Disco ya Pet Shop Boys, ya 1986. Nyimbo sita tu, lakini wamewapa nafasi mafundi wa New York, Arthur Baker na Shep Pettibone, nao hawakuogopa kuuacha wimbo utembee. Soft Cell wa Leeds walitoa yao, Non-Stop Ecstatic Dancing, mwaka uleule wa 1982. Ile ina jasho la klabu, si ya kusikiliza na wageni wa Idi.

Anza na Dare wiki nzima, mpaka uwe unaimba bila kuangalia jalada. Usiiguse ile nyingine. Ijumaa usiku, watu wakilala, weka Love and Dancing na spika za masikioni, kisha niandikie ni kwenye wimbo gani ulipousikia wembe kwa mara ya kwanza.